Viti Vitatu vya Kupanda Fizi

Mama yangu anaishi Fizi, juu milimani, na si mtu wa maneno mengi. Kadiri anavyozeeka anayapunguza zaidi. Binti yangu alipokuja kututembelea Baraka kutoka ng'ambo, pamoja na watoto wake watatu, mama alituma ujumbe kwa motari mmoja aliyekuwa akishuka na mihogo kwenye pikipiki yake. Yule kijana alisimama mlangoni kwetu bila hata kuzima mashine.

"Muzee," akaniambia, "mama yako anasema mulete batoto bote batatu, siku moja, pamoja. Kama haiwezekane, basi babakie tu."

"Hakusema kingine?"

"Alisema nisisimame njiani kukula, nitasahau."

Nilimshukuru, nikampa maji ya kunywa, akaenda. Mke wangu, aliyekuwa anachambua mchele, aliinua macho akanitazama. Tulielewana. Watoto wawili wadogo wa binti yangu ni mapacha, wavulana, na wakati ule walikuwa wameanza kusema neno mojamoja. Kwetu mapacha hawatenganishwi. Ukimpa mmoja karanga, unampa na mwenzake; ukimsalimia mmoja, unageuka kumsalimia wa pili kabla hujakaa. Na siku wanapopelekwa kuonyeshwa kwa mkubwa wa ukoo, yule aliyezaliwa mbele yao anaingia pamoja nao, maana ndiye aliyewafungulia njia. Huyo ni dada yao, msichana mwenye maswali mengi, ambaye alikuwa karibu kuanza shule. Basi ilikuwa watatu au hakuna.

Mama alikuwa hajawahi kuwaona. Macho yake yalikuwa yanafifia, na safari ya kutoka ng'ambo si ya kufanya kila mwaka. Hakuna aliyeyasema hayo kwa sauti pale nyumbani, lakini nilipoinama kusali jioni ile sikuomba jambo lingine: Bwana, wafikishe watoto hawa mikononi mwake angali anawaona.

Gari nilikuwa nalo, na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Ni gari dogo, la zamani, lililovuka ziwa kwa boti kutoka Kigoma. Usukani wake uko kulia, na kwa kuwa kwetu tunapita upande huohuo wa kulia, nikitaka kulipita lori sioni kitu. Lazima nimwulize aliyekaa kushoto kama njia ni nyeupe. Mke wangu amekuwa jicho langu la kushoto miaka mingi. Gari hilo limebeba samaki wake, ngoma za kwaya, wagonjwa wa kupelekwa hospitali, na mara moja bibi harusi aliyelia njia nzima kwa sababu ya harufu ya samaki.

"Basi kesho tunapanda," nikasema. "Pacha mmoja kwa mama yake, mwingine kwa bibi yake, na dada yao katikati."

Binti yangu alitikisa kichwa. "Baba, hawawezi kupakatwa. Kila mtoto kwenye kiti chake."

Hapo ndipo nilipofahamu ni vitu gani vile viwili vikubwa alivyoshuka navyo, vyenye mikanda na mito, ambavyo mimi nilidhani ni vya kulishia watoto. Kilikuwepo na cha tatu, cha msichana, lakini mume wa binti yangu, ambaye angekibeba, alikosa ruhusa kazini dakika za mwisho, na yeye mikono yake ni miwili tu.

"Mwanangu," nikamwambia, "huku watoto wanapakatwa. Wewe mwenyewe nilikupakata kwenye lori la mkaa."

"Najua, Baba. Lakini mimi ninafagia pale hospitali wanapoingiza watoto wa ajali. Sitawaeleza ninachoona. Bila kiti mtoto wangu hapandi gari, hata kama dereva ni baba yangu."

"Baba yako anaendesha polepole."

"Anaendeshaka polepole sana," akasema mke wangu kutoka kwenye ungo wake. "Juzi mbuzi ilitupita."

Sikumbishia tena binti yangu. Mtu anayefagia mahali kama hapo amesoma kitabu ambacho mimi sijafungua. Nilichukua kofia yangu nikaenda kutafuta kiti.

Baraka si mji ambapo unaingia dukani ukaomba kiti cha mtoto cha gari. Kwanza magari yenyewe ni machache; watu wetu wanakwenda kwa pikipiki, mama nyuma ya motari, mtoto katikati yao. Lakini nilijua kwamba vitu vya namna hiyo huja vimechanganyika na mitumba kutoka Bujumbura na Uvira, na kwamba mtu akipata kitu asichokijua hakitupi, anakitafutia kazi. Ilibidi tu nijifunze kutazama mji kwa jicho jipya.

Cha kwanza nilikiona kwenye saloni. Mwenye saloni alikuwa anawakalisha watoto humo wakati wa kusukwa, na aliwafunga mikanda wasikimbie. Alinikubalia kukiazima kwa ahadi kwamba Jumamosi kitakuwa kimerudi, kabla wasichana hawajaja kusuka kwa ajili ya ibada. Kilikuwa kiti cha fahari, chenye mabega mapana na sehemu za kulazia mikono. Tulipokiingiza garini pamoja na vile viwili, mlango haukufungika. Tukasukuma. Mlango ukakataa. Tulipokitoa kilichukua na kitambaa cha mlangoni. Nilikirudisha siku ileile, na mwenye saloni aliniuliza kwa upole kama wajukuu wangu ni wanene sana.

Cha pili kilikuwa kwa mtu anayechaji simu; kilibeba betri zake. Binti yangu alipitisha kidole chini yake polepole, kama daktari, akakuta ufa. "Hapana," akasema, na mwenye betri alifurahi, kwa sababu hakuwa na pengine pa kuziweka.

Cha tatu nilikuwa nimekipita kila asubuhi bila kukiona. Karibu na soko kuna mama anayekaanga mandazi, ni wa ukoo wa mke wangu kwa mbali, naye anakaa chini kabisa karibu na moto. Siku ile aliponyanyuka kunipa mandazi niliona alichokuwa anakalia: kiti kifupi cha plastiki ngumu, chembamba, kisicho na mgongo, chenye pembe mbili ndogo za kupitishia mkanda. Binti yangu alikuwa amenichorea hichohicho mchangani kwa kidole. Alisema msichana mkubwa hahitaji zaidi. Kazi yake ni kumwinua tu, ili mkanda wa gari upite begani, usimkate shingo.

"Mama," nikasema, "hiki kiti unachokalia ni cha gari."

Aliinama akakitazama. "Ya gari? Muzee, gari inakalaka chini?"

"Ni cha mtoto, ndani ya gari."

"Basi mi njo mutoto," akasema, na wanawake waliokuwa wanangoja mandazi wakacheka. "Hii kiti inajua mwili yangu. Nikikupa, nitakalia nini? Biblia yako?"

Nilirudi nyumbani nikachukua kigoda changu cha mbao. Ni cha miguu mitatu, nilikipata kwa mjomba wangu, na nimekalia hicho kila asubuhi nikisali kabla jua halijatoka. Mama wa mandazi alikikalia, akajipinda kulia, akajipinda kushoto.

"Hii iko na baraka ndani," akasema. "Naona hata mugongo inanyamaza. Chukua ile yako."

Binti yangu alikikagua kile cha plastiki juu na chini, akakisugua kwa maji ya moto na sabuni mpaka mafuta ya mandazi yakatoka, akakubali. Nikadhani kazi imekwisha.

Kazi ilikuwa ndiyo inaanza. Niliona ni jambo jepesi: viti vikubwa kwenye milango, kile chembamba katikati. Vilienea. Mke wangu alikuja, akatazama, akaweka mikono kiunoni.

"Mapacha wametenganishwa," akasema.

"Ni dada yao aliye katikati. Si mgeni."

"Mama yako atauliza nani aliwatenga. Utamwambia ni wewe?"

Kabla sijajibu, binti yangu naye alikuwa ameingiza kichwa garini. "Haifai kabisa, Baba. Angalia mkanda wa katikati. Unapita tumboni tu, hauna wa begani. Kile kiti kidogo bila mkanda wa begani hakimsaidii mtoto. Lazima akae mlangoni."

Bibi yao alikuwa na sababu yake na mama yao alikuwa na yake, na zote mbili zilisema neno moja: msichana mlangoni, mapacha pamoja. Nilifurahi kuona mila na hospitali vimepatana nyumbani kwangu. Kilichobaki kukataa ni gari. Viti vile vikubwa vilikuwa vyembamba chini lakini vipana mabegani, na vilipokaa pamoja mabega yaligongana. Kimoja kikiingia, kingine kinapanda juu kama mtu aliyekosa nafasi kanisani. Binti yangu alikipigia magoti, akavuta mkanda kwa nguvu zake zote. Bado kilicheza, naye alisema kiti kinachocheza ni sawa na hakuna kiti. Jasho lilitutoka. Niliweka mkono juu ya paa la gari nikainamisha kichwa.

"Omba huku unasukuma," akasema mke wangu.

Tuliacha. Jua lilikuwa kali, na watoto walikuwa wamegeuza kasha lililobeba viti vyao kuwa nyumba. Binti yangu alikaa kizingitini. Alikuwa na siku chache tu kabla ya kurudi, na nikaona anajiandaa kuniambia nitume ujumbe Fizi kwamba tumeshindwa. Sikutaka alianze neno hilo, kwa hiyo nilimwuliza mambo ya baridi ya huko ng'ambo, na yeye akanijibu mambo ya baridi.

Mke wangu alikuwa amerudi kwenye samaki wake. Anauza mikebuka iliyokaushwa, anaipeleka Fizi kwenye makapu, na mikebuka ina vichwa vinene na mikia myembamba. Ukiipanga vichwa vyote upande mmoja, kapu linajaa upande huo na upande wa pili unabaki mtupu. Kwa hiyo anaipanga kichwa, mkia, kichwa, mkia. Nimemwona akifanya hivyo tangu tumeoana. Siku ile alisimama na samaki mkononi, akatazama gari, akatazama kapu.

"Ile viti yenu," akasema, "munaweka vichwa vyote upande moja. Geuza moja."

Binti yangu aliinua uso. "Kinageuzwa," akasema taratibu. "Walipokuwa wachanga walikaa wakitazama nyuma. Bado uzito wao unaruhusu. Mama, kinageuzwa."

Tukarudi garini. Kiti cha mlango wa kushoto kilibaki kutazama mbele. Cha katikati kikageuzwa, mgongo wake ukaingia kati ya viti vyetu vya mbele. Bega la kimoja lilikwenda juu pale ambapo kingine kilikuwa na miguu. Vilikaa kama vilivyozaliwa pamoja. Binti yangu alipiga magoti, akavuta mkanda, akatikisa. Hakikucheza. Kile cha mandazi kikapata nafasi yake mlangoni nyuma yangu, na mlango ukafungika kwa sauti tamu kuliko kengele.

Tulipowakalisha watoto kujaribu, tuliona jambo ambalo hatukulipanga. Mapacha walikuwa wanatazamana uso kwa uso. Mmoja alicheka, mwingine akacheka kwa sababu mwenzake amecheka.

Mke wangu peke yake hakucheka. "Sasa huyu moja," akasema, "ataingia kwa bibi yake na mugongo?"

Sikuwa nimelifikiria. Kwetu mtu anayeingia uani kwa mgongo ni kama anayeondoka. Hata ukiwa umebeba mzigo, unaingia nao uso mbele. Na huyu ni pacha, siku ya kwanza.

"Nitaingiza gari kinyumenyume," nikasema.

"Basi yule mwingine njo ataingia na mugongo."

Hilo lilikuwa kweli. Tulikubaliana kwamba kwenye kona ya mwisho, kabla ya ua wa mama, nitasimamisha gari, tuwashushe wote watatu, waingie kwa miguu wakiwa wameshikana mikono, uso mbele. Mke wangu mwenyewe atakuwa pale kutusimamisha, maana garini hakukuwa na nafasi yake tena. Angepanda kwa pikipiki, mbele yetu, na kapu lake.

Tuliondoka asubuhi ya siku iliyofuata baada ya sala. Barabara ilikuwa tulivu na kavu, neema juu ya neema. Binti yangu alikaa kushoto akawa jicho langu. Msichana, nyuma yangu, aliuliza kila kitu kina jina gani. Tulipoanza kupanda, ziwa lilianza kufunguka nyuma yetu, pana zaidi kila kona, lakini mimi nilikuwa na mashimo ya kutazama na binti yangu alikuwa na malori ya kunitazamia. Yule pacha wa katikati tu ndiye aliyeliona, njia nzima. Nilimsikia akisema, "Maji. Maji," na ndugu yake akijibu neno lake mwenyewe.

Mahali fulani ng'ombe walijaa barabarani, nikazima gari. Mchungaji wao, mtu mzima wa huko nyanda za juu, alikuja kunisalimia kwenye dirisha, akawaona watoto.

"Mushamba," akaniita, kama watu wa kwetu na wafugaji wa huko tunavyotaniana, "huyu wa katikati mulimuweka vibaya?"

"Ndivyo anavyokaa."

Alimtazama vizuri. "Ni yeye anachunga. Mbele kila mutu anaweza kutembea. Muchungaji anakaa kwa mikia." Akamgusa mtoto kidole cha mguu, akaondoa ng'ombe wake bila haraka yoyote. Pacha wa mlangoni alijifunza neno siku ile: ng'ombe. Alilisema mpaka Fizi.

Kwenye kona ya mwisho mke wangu alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono juu kama polisi. Lakini hakuwa peke yake. Mama alikuwa amesikia mlio wa gari tangu bondeni, akatoka na fimbo yake, na hakuna aliyeweza kumrudisha. Kabla sijashuka, alikuwa amefika kwenye dirisha la nyuma. Aliingiza mkono, akapapasa, akagusa kichwa cha yule aliyegeuzwa.

"Huyu anaangalia wapi?" akauliza.

Mke wangu alitazama chini. Nilijikaza. "Anaangalia nyuma, Mama. Ni sababu ya viti. Tulikuwa tunawashusha sasa hivi waingie vizuri."

Mama alimwinamia mtoto. "Kule nyuma kuko nini?"

"Maji," akasema mtoto.

"Ni ziwa, Bibi," akaeleza dada yake. "Ameliona njia yote. Sisi hatukuliona."

Mama alizaliwa Swima, ufukoni mwa ziwa hilo. Aliolewa milimani, na tangu magoti yake yalipochoka hajashuka tena. Aliuacha mkono juu ya kile kichwa kidogo.

"Muulize kama imetulia," akasema.

Msichana aliuliza. Pacha alifikiri. "Maji mingi," akasema.

"Mingi," mama akarudia. Kisha, kwa sababu mapacha ni sawasawa, akanyoosha mkono kwa wa pili. "Na weye?"

"Ng'ombe."

Mama alicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba alipofariki. Binti yangu alikuwa ameshafungua mkanda wake ili amtoe mtoto, lakini mama alimzuia. "Usibashushe. Bako vizuri. Nipe nafasi yako."

Alikaa mbele, kushoto. Nilimfunga mkanda mwenyewe, yeye akilalamika kwamba unabana. Binti yangu na mke wangu wakafuata kwa miguu. Nilipowasha gari, mama aligeuka kwenye kiti kadiri mkanda ulivyomruhusu, apate kuwatazama wote watatu kwa karibu, akashika mguu wa huyu na mguu wa huyu. Hakutazama mbele hata mara moja. Hivyo siku ile wawili waliingia uani kwa mgongo, mmoja akiwa mwenye ua, na mke wangu hakusema neno.

Tulikula, tukaimba, mama akawaombea akiwa ameweka mikono yake vichwani mwao. Mimi nilisema amina na sikuwa na ombi lingine.

Wakati wa kushuka tulibadilisha mapacha, yule wa mlangoni akakaa katikati, ili kila mmoja awe amepata sawa. Wengine wote tulikuwa tunatazama ziwa, ambalo sasa lilikuwa mbele yetu. Yeye peke yake alikuwa anatazama mlima, na alikuwa anapunga mkono. Aliendelea kupunga kona baada ya kona, muda mrefu baada ya mimi kudhani hakuna tena wa kupungiwa. Binti yangu aligeuka kutazama.

"Bibi bado amesimama barabarani," akaniambia. "Endesha polepole, Baba."

Nikaendesha polepole.